Mwezi Niliohesabu Majiko ya Iringa

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Mama yangu, aliyenizaa Rungwe kwenye mvua isiyokatika, alikuwa akisema nilitoka tumboni nimekunja ngumi, na mkunga akaniambia, "Ndaga, mwanangu, pole, mbona hakuna aliyekugusa!"

Basi katika miaka ya sabini, ile miaka ambayo mafuta ya taa yalianza kutafutwa kwa tochi, nilikuwa nasoma shahada ya pili chuo kikuu, Dar es Salaam, msichana peke yangu darasani. Likizo ndefu ilipokaribia nikapata barua. Nimechaguliwa kuwa mtafiti wa likizo katika mpango wa nishati safi ya majumbani, mijini, kwa usawa. Jina refu namna hiyo, na barua yenyewe mistari mitano. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye kunjo. Kichwa kilivimba, nisiseme uongo. Nilijiona napanda nyanda za juu kusini na moto mpya mkononi, na akina mama wamejipanga barabarani kunipokea.

Ofisi ya mpango ilikuwa Mbeya, si mbali na Sokomatola. Mkuu wetu alikuwa mhandisi mmoja mwenye miwani mizito, mtu wa pwani, ambaye baridi ya Mbeya ilimshinda kabisa. Alivaa makoti mawili na bado akawa anakunywa chai ameikumbatia kwa mikono yote. Alikuwa mtu mwema, lakini aliamini karatasi kuliko macho yake.

Mpango ulikuwa hivi. Kule Mafinga, kwenye viwanda vya kupasulia magogo, vumbi la mbao lilirundikana vilima kwa vilima likioza bure, na huku mjini watu wanalilia mkaa. Karakana moja ya Mbeya ikatengeneza jiko la bati la kuchomea vumbi hilo. Unasimamisha chupa katikati ya jiko, unapitisha kijiti kwenye tundu la chini mpaka kiguse chupa, unashindilia vumbi pande zote, halafu unachomoa chupa na kijiti. Inabaki njia ya hewa. Unawasha kwa chini, moto unapanda taratibu, saa nne nzima, bila kuchochea na bila moshi. Bila moshi kama umelishindilia inavyotakiwa. Mimi wakati ule sikuwa nimewahi kuliwasha hata mara moja, ila nilikuwa naweza kulichora.

Majiko ya majaribio yalikuwa kumi na mawili tu. Mhandisi akaamua yaende Iringa, mtaa mmoja wa wapangaji, na waanze kupewa wenye majiko mengi nyumbani, kwa kuwa hao ndio wanaochoma kuni nyingi. Huo ndio ulikuwa usawa wetu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu, nihesabu majiko. Fomu ilikuja kwa Kiingereza, na nani aliyeigeuza Kiswahili? Mimi, alasiri moja, kwa haraka, kalamu ikiwa inavuja. Mhandisi akaweka sahihi bila kuisoma.

Iringa nilipanga chumba upande wa bondeni. Ukiinua macho unaziona nyumba za Gangilonga zenye umeme na maua, ukiyashusha unatuona sisi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vinane: viwili vya mwenye nyumba na mkewe, sita vya wapangaji. Wapangaji wote tulipikia baraza la uani. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu wa ukarani, anavaa koti na tai hata akienda kununua chumvi. Mwaka ule alikuwa ameweka dari jipya kwenye baraza lile na kulipaka rangi nyeupe, na kila asubuhi alisimama chini yake akiliangalia kwa mapenzi.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa mjane kutoka Mufindi, mwenye mabinti wawili wa shule ya msingi. Alipika uji wa ulezi na maandazi kabla hapajapambazuka, akawauzia wapakiaji wa malori ya mbao waliokuwa wakisimama mwisho wa mtaa. Nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, bila kuniuliza ukoo wala shahada. Alikuwa mcheshi, mdomo wake hauna breki, lakini mikono yake haikukosea kamwe. Andazi lake moja na jingine huwezi kuyatofautisha.

Tatizo lilikuwa kuni zake. Alikuwa akichoma mabanzi ya msonobari, yale maganda ya magogo yanayobaki kiwandani, ambayo wapakiaji walimletea. Msonobari una utomvu, na moshi wake ni mweusi na unanata. Dari la mzee likaanza kugeuka rangi. Mzee hakufoka. Alikuja siku moja na tai yake, akasema polepole, "Mama, mwisho wa mwezi. Kama moshi huu utakuwa bado upo, tafadhali utafute kwingine." Dada alikuwa ameshahamishwa nyumba mbili kwa ajili ya moshi huo huo, na hapakuwa na chumba kingine karibu na malori. Akitoka pale, biashara imekufa, na mabinti wanarudi Mufindi kwa shangazi yao ambaye hakuwa na shule karibu.

Mimi na kichwa changu kilichovimba nikamwambia, "Dada, usiwe na wasiwasi. Jiko lako liko Mbeya linapigwa nyundo. Utakuwa wa kwanza kupata."

"Kweli, mdogo wangu?"

"Kweli kabisa. Mimi ndiye ninayeandika orodha."

Alinishika mikono yote miwili, mikono yake ina unga, akacheka. Nililala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Kesho yake nikaanza kazi. Nikavaa sketi ya heshima, nikabeba faili, nikapita nyumba kwa nyumba. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshawaambia watu kwamba anakuja mtafiti wa serikali, na kwamba mwenye nyumba ndiye atakayejibu. Basi wenye nyumba wakanisubiri, wanaume tupu, wamekaa vitini. Nikawasalimia "Kamwene," wakaitikia vizuri, nikafungua faili na kuuliza swali la kwanza.

"Baba, una majiko mangapi?"

Wa kwanza akanitazama, akatazama faili, akatabasamu. "Mawili."

"Yapo hapa hapa nyumbani?"

"Moja hapa. Jingine lipo Kilolo, linalima."

Nikaandika: moja Kilolo. La kulima sikuliandika, nilidhani sikumsikia vizuri. Nikaendelea. "Kati ya hayo, lipi linatumia mafuta zaidi?"

"Dogo! Dogo ndilo linalonimaliza. Kubwa halina mambo mengi."

Wanaume waliokaa ukutani wakaangua kicheko. Damu ikanipanda. Nikajua wanamcheka msichana mwenye faili, kama walivyonicheka wenzangu chuoni, kama alivyonicheka kondakta wa basi. Ningeweza kuuliza, jamani, mnacheka nini? Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tangu darasa la kwanza. Lakini mimi niulize? Ng'o! Nikakaza uso, nikageuza ukurasa.

"Likitoa moshi unafanya nini?"

"Nakwenda zangu kunywa ulanzi mpaka litulie."

"Likiharibika unalipeleka wapi?"

"Nalirudisha kwao."

Nikaandika: kwa fundi. Na ikawa hivyo mtaa mzima. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia kabla ya kujibu, akasema kwa sauti nzito, "Moja tu, mbele ya Mungu." Mwingine alihuzunika, akasema lake liliondoka mwaka jana na hajapata jingine. Mwingine, kijana, akasema bado anatafuta, akaniuliza na mimi nimetoka wapi. Kila nilipoondoka, kicheko kilinisindikiza mpaka nyumba ya pili. Mwenye nyumba wetu, na tai yake, alijibu kwa ukarani wote: "Mawili. Moja hapa, moja Idodi." Wapangaji sita tuliokuwa tukipikia uani kwake hakututaja, na mimi niliyekuwa nikinywa chai iliyochemkia huko huko sikumkumbusha. Fomu iliuliza majiko yake, si yetu.

Nikazifunga fomu, nikampa dereva wa basi la Mbeya, nikarudi nyumbani nimechoka na nimenuna.

Siku mbili baadaye, jioni, nilikaa na dada barazani akikanda unga, nikaanza kumlalamikia. Nikamwambia wanaume wa Iringa hawana adabu kwa wasomi. Nikamsomea nakala zangu kumwonyesha majibu ya kipuuzi waliyonipa. Nilipofika kwa yule wa kulirudisha kwao, dada akaacha kukanda. Nilipofika kwa mzee wa kanisa, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia.

"Dada, una nini?"

"Mdogo wangu," akasema, na machozi yanamtoka, "mwanamume akioa, watu wanasema amepata nini?"

Nikaitazama nakala mkononi. Halafu likanijia. Amepata jiko. Mama yangu! Nilikuwa nimepita mtaa mzima, na faili la serikali, nikihesabu wake za watu!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada naye alikuwa amelala chali kwenye baraza, miguu juu, anapiga sakafu kwa kiganja. "Lipi linatumia mafuta zaidi! Yesu wangu, na wewe ukaandika!" Mabinti wakatoka chumbani kuangalia mama yao amepatwa na nini. Nikaanza kucheka na mimi, nilishindwa kujizuia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha dada akakaa, akajifuta, akauliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Sasa hiyo orodha ya majiko, inafuata nini?"

Kicheko kikakatika pale pale. Orodha ilifuata fomu. Mwenye wake wengi ndiye mwenye majiko mengi. Yeye hakuwa mke wa mtu, na hakuwa mwenye nyumba. Kwenye karatasi zangu mimi, dada hakuwepo kabisa.

Asubuhi nilipanda basi la Mbeya. Nilikaa dirishani nikijipangia hotuba ya kukiri kosa, na kila nilipojisikia nafafanua neno jiko mbele ya mhandisi nilifumba macho. Mafinga ikapita, Makambako ikapita. Hapo Makambako tulipishana na lori moja la serikali limefunikwa turubai, likienda tulikotoka. Sikulitilia maanani.

Mhandisi alinisikiliza amekumbatia kikombe. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili amekinyonya kwa mama yake. Kabla sijamaliza sentensi ya pili alishaelewa. Alivua miwani, akaiweka mezani, akalaza kichwa juu ya makaratasi akicheka bila sauti. Karani akachungulia mlangoni, akadhani mkuu anaumwa. Nilisimama wima nikisubiri amalize. Hasira zilikuwa zinanipanda na hakukuwa na wa kumkasirikia isipokuwa mimi mwenyewe.

Alipomaliza akavaa miwani, na cheko likamwisha usoni. "Mwanangu, mbona umechelewa. Majiko yametoka leo alfajiri na lori. Balozi ana orodha."

"Tumwambie balozi ayarudishe!"

"Watu wakishasaini kitu cha serikali, nani atawanyang'anya? Rudi ukahesabu upya, vizuri, kwa awamu ya pili."

"Awamu ya pili lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Mwakani! Na mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Nilimwomba kitu kimoja tu, karatasi ya vipimo vya jiko. Akanipa, na juu yake akaongeza koti lake moja, akisema nimekuja na nguo za Dar es Salaam.

Niliporudi Iringa nilikuta majiko yameshagawiwa. Mwenye nyumba wetu alikuwa amepata mawili, kila jiko jiko lake. Yalikuwa sebuleni, moja kila upande wa redio, yamefunikwa vitambaa vya kufuma. Mapya, yanang'aa, hayajaona hata punje ya vumbi.

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Niliingia bila hodi. Nikamwambia mzee ni mchoyo, nikamwambia majiko si mapambo, nikamwambia anamfukuza mjane kwa ajili ya dari, eti dari! Nilisema mpaka mkewe akatoka jikoni na upawa mkononi. Mzee alinitazama hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, kwa upole ule ule wa kikarani, "Kumbe ninyi wawili mnanisema. Basi mama asisubiri mwisho wa mwezi. Aondoke Jumamosi. Na wewe umsindikize."

Nikatoka nje. Dada alikuwa mlangoni kwake na alisikia yote. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningepona. Alisema tu, "Hasira hasara, mdogo wangu," akaingia ndani. Roho iliniuma mpaka leo nikikumbuka inauma. Nilimwahidi jiko, nikamkosesha jiko, na sasa nilikuwa nimemkosesha na siku zake zilizobaki.

Mke wa mwenye nyumba ndiye aliyeniokoa. Alinikuta uani nimejiinamia, akaniambia, "Kaombe radhi."

"Nimeshaenda mara mbili, mama. Nimesimama mlangoni, hanijibu."

"Ndiyo maana. Hapa hatuombi radhi tumesimama."

Sisi Wanyakyusa tuna heshima zetu pia, msinielewe vibaya, lakini mimi nilikuwa nimezisahau bwenini miaka mingi. Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye kizingiti cha sebule, nikainamisha kichwa, nikasema, "Kamwene." Mzee alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Hakuitikia. Alisikiliza habari za ndani, akasikiliza za nje, akasikiliza michezo. Sakafu ilikuwa ya saruji, na saruji ya Iringa mwezi wa sita inapenya mpaka kwenye mfupa. Redio ilipoanza kupiga muziki akaizima.

"Kamwene. Magoti yanauma, mwanafunzi?"

"Yanauma, baba."

"Vizuri. Sema sasa."

Nikasema. Sikujitetea. Nikamwambia kosa ni langu, la fomu na la mdomo, na kwamba dada hajawahi kumsema hata siku moja, na huo ulikuwa ukweli. Akayatazama majiko kando ya redio. Kisha akanishangaza. "Unadhani mimi ni mchoyo. Moja hili ni la mama wa hapa, moja hilo ni la mama wa Idodi. Nikitoa la huyu nitaishi wapi? Nikitoa la yule, nitakwendaje Idodi?" Nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba mzee wa watu alikuwa amebanwa kama mjusi mlangoni. Fomu yangu ndiyo iliyombana. Nikauma midomo nisicheke.

Akaturudishia siku zetu za mwanzo, mpaka mwisho wa mwezi. "Siku hiyo asubuhi nitakuja mwenyewe kuangalia. Moshi ukigusa dari langu, mnaondoka wote wawili."

"Asante, baba."

Tulianza siku hiyo hiyo. Fundi bati alitukatia debe akatoboa tundu chini kama karatasi ya Mbeya ilivyosema. Wapakiaji, waliposikia maandazi yako hatarini, walimletea dada gunia zima la vumbi kutoka Mafinga. Hatukuthubutu kujaribu nyumbani, mzee angeona, kwa hiyo tulibeba debe mpaka uwanja wa chini karibu na mto. Nikasimamisha chupa, nikashindilia, nikachomoa, nikawasha. Moshi ulioinuka hapo, jamani! Mzito, wa njano, ukaenda mpaka barabarani. Watu wakaja mbio na matawi wakidhani nyasi zimeshika moto. Dada akawaambia msiwe na hofu, ni msomi anafanya utafiti.

Siku ya pili njia ya hewa ikabomoka. Siku ya tatu moto ukazima. Siku ya nne moshi tena. Mimi nilipiga debe teke, nikaumia kidole, nikakaa chini nikisonya. Dada akaichukua karatasi ya mhandisi, akaomba nimsomee tena neno kwa neno.

"'Shindilia kiasi,'" nikasoma.

"Kiasi ni nini? Kiasi cha nani?"

Nikaigeuza karatasi, nyuma palikuwa patupu.

"Na hapo wamesema vumbi liwe kavu?"

"Hawakusema."

"Mdogo wangu, hivi ulezi mbichi unasagika?" Akalichota vumbi kiganjani, akalifinya, akanionyesha linavyoshikamana. Lilikuwa bichi, limetoka kwenye mvua za masika. Akalianika juani kwenye mkeka siku mbili nzima, akiligeuza kwa mkono kama anavyogeuza ulezi wake, mabinti wakifukuza kuku. Kisha akaleta mchi. Akawa anatia vumbi kiganja kimoja kimoja na kulitwanga taratibu kuzunguka chupa, anasikiliza mlio wake. Likilia kama mtu anayekohoa, bado. Likinyamaza, tayari. Chupa aliipaka majivu kabla ya kuisimamisha, akaichomoa kwa kuizungusha, ikatoka kama jino bovu. Tukawasha. Tukasubiri moshi. Ulitoka kidogo mwanzoni, ukakata. Ndani ya lile tundu palikuwa pamejaa wekundu mtulivu, hausemi kitu.

Nilipiga kelele za furaha uwanja mzima. Dada alipiga kofi moja tu, akasema, "Haya, twende nyumbani, unga unaningoja."

Siku hizo hizo, jioni kwa jioni, nilikuwa nahesabu upya. Safari hii sikukaa na wenye viti. Nilizunguka uani nikawauliza akina mama: hapa mnapikia wangapi, na kila mmoja anapikia nini? Kwenye nyumba yetu peke yake, ambayo fomu ya kwanza iliipa majiko mawili, nilikuta mioto saba. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Ripoti yangu baadaye ilipita, na mhandisi akaniandikia barua ya pongezi yenye mistari mingi kuliko ya kuniita kazini. Lakini wakati huo hata sikuifikiria ripoti. Nilikuwa nafikiria dari.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi niliamka na mwanga wa kwanza. Nilipotoka, mzee alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye kigoda katikati ya baraza, koti limefungwa vifungo vyote, tai ipo, kichwa amekiinua anatazama dari. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi akimsuka binti yake mdogo. Sufuria na debe vilikuwa pembeni, nyuma ya mgongo wa mzee, karai limefunikwa sinia. Nikajibanza mlangoni.

Mzee akakaa. Akakaa tena. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. "Mama, washa basi. Nimekuja kuangalia moshi, wewe unasuka nywele. Mimi nina kazi."

Dada akaachia msuko. Alinyanyuka, akapita nyuma yake, akamrudia na kikombe cha uji na andazi kwenye kisahani, akampigia goti. Mzee akapokea, akapuliza uji, akanywa. Akauma andazi. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Uji huu ni wa moto."

"Ndiyo, baba."

"Umeupikia wapi?"

"Hapo nyuma yako, baba. Tangu saa kumi na moja."

Mzee akageuka. Debe lilikuwa hatua moja kutoka mgongoni kwake. Akainama akachungulia lile tundu, akaona wekundu. Akainuka akaweka kiganja mgongoni, kwenye koti. "Kumbe," akasema. "Mimi nikasema leo Iringa hakuna baridi." Akatazama dari mara ya mwisho, pembe kwa pembe. Halikuwa limeongeza hata doa moja tangu jana. Akamaliza uji wake wote, akarudisha kikombe, na kabla ya kuondoka akamwambia dada, akiangalia pembeni, "Kaa. Na ukipata nafasi, mfundishe mama wa hapa lake. Jana alijaribu, limetutoa sebuleni."

Alipopotea kwenye kona nikamrukia dada kumkumbatia. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, napayuka kama kichaa, nikimwambia tumeshinda, tumeshinda. Yeye hakulia wala hakucheka. Alisimama tu ameshika ukuta. Halafu akanivuta mkono, akaniingiza chumbani kwake.

Chumba kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Sufuria za akiba, nguo, sare za shule za mabinti, vitabu vyao, vyote vilikuwa ndani ya magunia mawili na sanduku moja, vimefungwa na kupangwa mlangoni. Alikuwa amefunga yote jana yake, kimya kimya, huku mimi ng'ambo ya ukuta nikijisifia jiko.

"Nisaidie kufungua," akasema. "Watoto wanachelewa shule."

Tukapiga magoti sakafuni, kila mmoja na gunia lake. Mafundo aliyafunga kwa nguvu sana. Ilibidi tuyafungue kwa meno.